Mkwe Nyuma ya Ukuta

Kitanzi kilikuwa kimekaa kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia wa Kalunde kwa siku nne, na mwenyewe hana habari.

Aliyekiona ni Kaluki, mkaza mwanawe. Ilikuwa Jumamosi alasiri, Novemba ya 1987, mvua imeshika, na wanawake hao wawili wametoka shambani kupanda mbaazi. Kalunde aliketi kwenye kigoda cha jikoni akanyoosha miguu avuliwe gambuti. Gambuti zenyewe zilikuwa za marehemu mumewe, na hazikutoka mpaka mtu azing'ang'anie. Ya kushoto ikatoka. Ya kulia ilipotoka, Kaluki aliitupa kando akashika mdomo.

"Mwaitu!" alimwita, yaani mama kwa Kikamba. "Hii ni nini?"

"Nini?"

"Kidole chako, mama yangu! Kimekuwa kama biringani!"

Kalunde aliinama kutazama. Siku hizi macho yake yalikuwa na ukungu, kwa hiyo ilibidi ainame sana, karibu kichwa kiguse goti. Hapo ndipo alipouona uzi wa katani, uzi aliousokota kwa mikono yake mwenyewe, umezama ndani ya nyama na nyama imeufunika. Akakumbuka. Jumanne alikuwa akisuka mkanda wa kiondo. Wasusi wa Mbumbuni wote wanajua kazi hiyo: ncha ya mkanda unaitia kitanzi kwenye kidole gumba cha mguu, unanyoosha mguu, mkanda unakaza, unasuka. Alikuwa amefika mwisho mvua ilipomwagika na mbuzi wako nje. Alikata mkanda kwa wembe, akatia miguu kwenye gambuti, akakimbia. Kitanzi kikabaki.

Mtu mwingine kidole kingempigia kelele kabla hajafika zizini. Kalunde hakusikia lolote, siku hiyo wala siku zilizofuata, na jioni alinawa miguu gizani akaingia kulala. Nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi tangu mwaka juzi, mwaka ule ule alipoambiwa ana ugonjwa wa sukari.

"Kata," alisema.

Kaluki alichukua wembe, mkono unatetemeka kama wa mtu mwenye malaria. Uzi ulipoachia, maji ya manjano yakatoka.

"Inauma, mwaitu?"

"Haiumi."

"Hata kidogo?"

"Nimesema haiumi. Si ni afadhali?"

Afadhali! Huo ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe, mtu kukatwa nyama na asishtuke. Lakini nani angemwambia Kalunde kitu akiwa ameshakaza shingo?

"Kesho si ni Jumapili," Kaluki alianza polepole. "Jumatatu twende dispensari."

"Dispensari gani?"

"Si ni ile moja tu, ya Mbumbuni."

"Na ndani yake kuna nani?"

Kaluki alitazama majivu. "Kuna daktari."

"Kuna nani, Kaluki?"

"Kuna bwana ya Mbinya."

"Haya basi," alisema Kalunde. "Chemsha maji ya chumvi, utafute kitambaa. Na Mbinya asisikie. Ukimwambia Mbinya, umemwambia bwana yake."

Mbinya alikuwa binti yake wa kwanza, na mume wa Mbinya, Kiilu, ndiye dresa wa dispensari ya Mbumbuni, mfunga vidonda na mdunga sindano. Watu walimwita daktari kwa sababu hapakuwa na mwingine. Kwa Wakamba, mwanamume na mama wa mkewe wana heshima yao inayoitwa nthoni, na nthoni si mchezo. Hawapeani mkono. Hawaitani majina. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamume hupinda akaingia vichakani mpaka mama apite, na mama hujifunika leso kichwani. Wakiwa na neno la kuambiana, mtu wa tatu hukaa katikati akalipitisha. Kanisa lilikuja likaondoa pombe, likaondoa ngoma, likaondoa hirizi, lakini nthoni hakuna mchungaji aliyethubutu kuigusa, na akina mama wa kanisa ndio walioishika zaidi.

Sasa mwambie mama kama Kalunde akapandishe rinda mbele ya mkwewe.

Kwa hiyo kwa miaka miwili Kalunde hakukanyaga dispensari. Vidonge vyake vya sukari vililetwa na Mbinya kila mwezi, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti, na kila mwezi Mbinya alikuja na swali moja kutoka kwa mumewe: "Anauliza, miguu yako ikoje?" Na kila mwezi Kalunde alijibu jibu moja. "Mwambie miguu iko." Mbinya alicheka, akaenda akamwambia Kiilu miguu iko.

*

Maji ya chumvi hayakusaidia kitu. Siku nane baadaye, Jumapili, Kalunde alijifunga kitambaa kipya, akavaa soksi mbili na viatu vya plastiki, akaenda kanisani akichechemea. Mwili ulikuwa na homa na koo limekauka tangu alfajiri, lakini alikuwa hajawahi kukosa ibada tangu aokoke, na akina mama wangeuliza.

Alikaa kwenye benchi lao la mbele, kati ya Nthenya, mwenyekiti wa akina mama, na mke wa mzee wa kanisa. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, mke wa mzee alisogea kidogo. Wa pili ulipokwisha akasogea tena, kisha akaona afadhali ahamie benchi la nyuma kabisa, akijifanya anamfuata mjukuu. Kalunde naye aliisikia ile harufu. Ilikuja ikaenda, ikaja ikaenda, tamu na mbaya pamoja.

"Kuna panya amekufa hapa chini," alimnong'oneza Nthenya, na mwenyewe akainama kuchungulia chini ya benchi.

Nthenya ni mwanamke wa maneno mengi, mtu anayeweza kusimama na ndoo kichwani akakusimulia habari za kijiji kizima. Siku hiyo hakusema. Alimshika Kalunde mkono, akamwinua katikati ya maombi, akampeleka nje nyuma ya kanisa, akamkalisha kwenye jiwe. Akamvua kiatu, akamvua soksi moja, kisha nyingine. Kitambaa kilikuwa kimeshikana na nyama.

"Panya umemleta wewe, dada yangu," alisema Nthenya, machozi yanamtoka.

Kalunde alitazama mlango wa kanisa. Ndani walikuwa wamerudi kuimba. Akahesabu katika moyo wake watu wote waliosogea, na ni nani alishika pua, na nani alikohoa ovyo. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Yeye Kalunde, ambaye boma lake lilifagiwa mara mbili kwa siku! Yeye aliyewachagulia mabibi harusi wa kanisa leso zao!

"Usimwambie mtu," alisema.

"Mimi?" Nthenya alijipangusa uso. "Mimi ninaenda kwa Mbinya sasa hivi, hata sadaka sitangoja. Utakasirika, utakasirika ukiwa hai."

*

Jumatatu asubuhi Mbinya alifika nyumbani kwa mamaye akihema, kikoi kimelowa mpaka magotini. Mto ulikuwa umejaa usiku kucha. Hakumsalimu mama. Alimwangalia mguu uliokuwa juu ya gunia, akamwangalia Kaluki, na Kaluki akaanza kulia kabla hajaulizwa.

"Alinikataza," alisema Kaluki.

"Na wewe una umri gani wa kukatazwa?"

"Mwache," alisema Kalunde kutoka kitandani. "Uko peke yako?"

Mbinya aligeuza uso ukutani. Nje, nyuma ya nyumba, chini ya kidirisha kisichozidi ukubwa wa kitabu, mtu alikohoa kikohozi cha adabu. Kalunde alijivuta juu kitandani akajitupia leso kichwani, ingawa ukuta wa matofali ulikuwa katikati yao.

"Umemleta hapa?"

"Amejileta. Tangu Nthenya atoke kwetu jana hajalala. Alitaka kuja na tochi, mto ukamrudisha."

Kiilu alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano, mpole, mwenye mkono mwepesi wa sindano. Watoto wa Mbumbuni walimpendelea yeye kuliko wauguzi wote waliowahi kupita pale. Alisimama nyuma ya nyumba na mkoba wake wa dawa, mvua nyembamba inamnyeshea kofia. Kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa hakuwa amewahi kupita kizingiti cha chumba hiki.

"Mbinya," aliita. "Fungua kitambaa. Uniambie unaona nini."

"Naona mguu."

"Mguu najua ni mguu! Rangi yake."

"Kidole ni cheusi. Na cha pili. Halafu hapa pamekuwa pekundu, pameng'aa."

"Hapa wapi? Mimi nina macho ya kupita ukutani?"

"Hapa juu ya kidole. Hapa… sijui panaitwaje."

Wanaume wawili waliokuwa wakipita na jembe njiani walisimama kumtazama daktari akizungumza na ukuta. Kiilu hakuwajali.

"Chukua pini kwenye huo mfuko nilikupa. Mchome kidogo unyayoni. Muulize kama anasikia."

Mbinya alichoma. "Mwaitu, unasikia?"

"Nasikia," alisema Kalunde.

"Anasema anasikia!"

Kiilu aliwajua wagonjwa wake, hata huyu ambaye hakuwa amewahi kumwona vizuri usoni. "Mwambie afunge macho," alisema. "Halafu mchome mara kadhaa, usihesabu kwa sauti. Umuulize umemchoma mara ngapi."

Kalunde alifumba macho. Alingoja. Aliskiza mvua, akaskiza kuku, akaskiza mwili wake wote kama mtu anayengoja mgeni kubisha hodi, na hakuna kilichobisha.

"Mara ngapi, mwaitu?"

"Mbili," alijaribu Kalunde.

Alipofumbua macho, Kalunde aliona binti yake ameshika pini hewani, pini ina damu, na unyayo una matone mekundu mengi zaidi ya mawili.

"Anasema ngapi?" Kiilu aliuliza.

"Amekosea."

"Basi bonyeza juu ya kifundo, upande wa ndani. Polepole. Kuna kitu kama majani makavu yanavunjika chini ya ngozi?"

Mbinya alibonyeza. Kalunde alimtazama binti yake usoni na kwa mara ya kwanza tangu habari hii ianze akaogopa.

"Ndiyo," alisema Mbinya. "Yanavunjika."

Nyuma ya ukuta mkoba ulifungwa. Halafu Kiilu akasema, "Mwambie mwaitu ninataka kuingia."

"Mwambie hapana," alisema Kalunde.

Hakukuwa na haja ya mtu wa tatu. Sauti zote zilipita kidirishani wazi wazi. Hata hivyo Mbinya aligeuka kidirishani akasema, "Amekataa," kisha akamgeukia mama. "Mama, utakufa."

"Nitakufa na heshima yangu."

"Heshima!" Mbinya alipiga kelele. Hakuwa amewahi kumpigia mama yake kelele maishani. "Heshima gani, mama? Imeoza mpaka kwenye kifundo!"

Kaluki alitoka nje mbio, akasimama mlangoni amejifunika uso. Kalunde alijilaza chali akatazama mabati. Maneno hayo yalimchoma kuliko pini.

Na wala si mguu aliokuwa anauonea haya, tuseme kweli. Mguu ni mguu. Watoto wake walimwona mgonjwa, Kaluki alimwosha mgongo, Nthenya alimvua soksi, kanisa zima sasa lilijua harufu yake. Katika dunia hii alikuwa amebaki mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kumwona akijikuna, akitafuta meno yake, akisinzia mdomo wazi. Kwa Kiilu, Kalunde alikuwa bado yule mama aliyejifunga leso mpya siku ya mahari, mtu wa kupishwa njiani. Akiingia hapa, huyo mama amekwisha. Ndiyo maana alificha mguu, na ndiyo maana hata sasa alikuwa tayari kuuficha mpaka kaburini.

"Mbinya." Sauti ya Kiilu ilikuwa chini. "Mwambie mwaitu hivi. Miaka ishirini na miwili nimempisha njiani. Nimeingia miibani, nimeingia matopeni, siku moja niliingia kwenye siafu. Sijasikitika hata siku moja. Leo namwomba yeye anipishe mimi. Leo tu."

Mbinya hakuyarudia hayo maneno. Hakuweza.

Mvua ilizidi ikapungua. Kalunde alipangusa macho kwa upindo wa leso, akajifunika uso wote mpaka shingoni, akakunja mikono juu ya tumbo.

"Mwambie aingie," alisema ndani ya leso. "Na Kaluki afagie hapo mlangoni kwanza, kuna matope."

*

Chini ya leso aliona mwanga mwekundu tu. Alisikia gambuti zikivuliwa nje, nyayo zikiingia, mkoba ukifunguliwa. Alingoja kusikia mtu akizuia pumzi. Kila mtu aliyekaribia mguu huo alizuia pumzi, hata Mbinya, damu yake mwenyewe. Kiilu alipumua kama mtu aliyekaa sebuleni. Alifanya kazi yake, hakusema neno la bure, na alipomaliza kufunga bandeji alirudisha shuka juu ya goti na kulipigapiga lisifunuke.

"Ni leo," alimwambia mkewe. "Si kesho. Machakos."

Gari halingefika pale, barabara ilikuwa imekatika. Ndolo, mume wa Kaluki, alikuwa kule Kambu, barabara ya Mombasa, akiziba magurudumu ya malori, na habari zisingemfikia kabla ya siku mbili. Kwa hiyo waliazima wilbaro ya mwethya, ile ya kikundi cha kuchimba matuta, wakatandika gunia na mto. Nani ataisukuma? Wanawake wawili hawakuweza kuipandisha ile njia ya matope. Kiilu aliweka mkoba miguuni pa mama mkwe, akashika mikono ya wilbaro.

Walimkalisha akiangalia mbele, mgongo kwa mkwewe, leso imefunika uso. Mbinya alitembea kando ameshika mguu. Saa nzima hakuna aliyesema, ila pale mtoni, maji yalipofika magotini, Kiilu alipomwambia Mbinya amwambie mwaitu ashike kingo, na Kalunde akamwambia Mbinya amwambie ameshika.

Ilikuwa siku ya soko Mbumbuni. Wacha wee! Watu waliacha vitunguu, waliacha mbuzi, wakaja ukingoni mwa barabara. Kiema, muuza nyama, alitokea kwenye kibanda chake na kisu mkononi.

"Daktari!" aliita. "Siku hizi unasukuma mpaka mama mkwe? Bado kumbeba mgongoni!"

Wengine walicheka. Kalunde alihisi wilbaro imesimama.

"Kiema," alisema Kiilu, akitweta. "Ondoa miguu yako njiani."

Kicheko kilikatika. Wilbaro ikaendelea. Chini ya leso yake Kalunde alilia taratibu, na safari hii si kwa sababu ya aibu tu. Alikuwa amesikia pumzi za mtu huyo zinavyokwaruza kifuani, na alijua ni kwa ajili ya siku nane alizoficha mguu.

Lori la pamba lilikuwa linaondoka, na dereva alikuwa na nafasi ya mgonjwa na mtu mmoja. Mbinya alitaka kupanda. "Wewe utawaambia nini madaktari?" Kiilu alimuuliza, na Mbinya akakubali, akabaki barabarani na wilbaro. Ndani ya lori, Kiilu aliweka mkoba wa dawa katikati ya kiti, huku yeye, huku mama mkwe, wakaenda hivyo mpaka Machakos.

*

Daktari wa hospitali ya Machakos alikuwa kijana wa kutoka upande wa ziwani, Kikamba hakijui, na tangu asubuhi alikuwa amesimama kwa miguu yake. Alifungua bandeji, akatazama, akabonyeza, akafunika. Kalunde alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, leso imeacha jicho moja. Kiilu alisimama upande wa kichwani ili wasionane.

"Huyu mama amechelewa sana," alisema daktari kwa Kiswahili. "Angekuja siku ya kwanza, tungehangaika na kidole tu. Pengine hata kidole kingepona. Sasa ni kukata hapa, chini ya goti, kesho asubuhi. Akikataa, hafiki Jumapili. Wewe umesema ni dresa?"

"Ndiyo, daktari."

"Wa hapo hapo kwao?"

"Hapo hapo."

"Na mguu unaoza karibu na wewe wiki nzima. Ulikuwa wapi?"

Kiilu alivua kofia yake. Angeweza kusema. Ilikuwa haki yake kusema.

"Ni makosa yangu, daktari," alisema. "Sikuangalia."

"Kwa kweli ni makosa yako. Sasa mwelezee mgonjwa."

Kiilu aliinama kidogo, macho yake kwenye sakafu, na kwa kuwa Mbinya hakuwapo wala mtu mwingine yeyote wa kupitisha neno, alisema mwenyewe, kwa Kikamba.

"Mwaitu, daktari anasema ugonjwa huu ni mkali, hakuna mtu angeuzuia. Wataondoa mguu hapa chini ya goti ili wewe mwenyewe ubaki. Anasema tumefika kwa wakati. Anasema umefanya vizuri kukubali kuja."

Kalunde alitazama dari kwa lile jicho moja.

Alikuwa ameuza vyondo kwa miaka thelathini. Aliviuza kwa madalali wa Nairobi, kwa wanawake wa Mombasa, kwa Wasomali wa Kitui, na hao wote alibishana nao bei mpaka wakachoka. Kiswahili alikisikia chote, hata matusi yake. Lakini Kiilu angejuaje? Unajuaje lugha ya mtu ambaye hujawahi kuongea naye?

"Mwambie akate," alisema kwa Kikamba.

"Amekubali," Kiilu alimwambia daktari.

"Vizuri. Na uelewe, baada ya hapo vidonge havitoshi. Atadungwa sindano ya insulini kila asubuhi, maisha yake yote. Na huo mguu mwingine uangaliwe kila siku, la sivyo nao tutaukata. Sasa nyumbani ni nani atafanya hiyo kazi? Ni wewe, sivyo?"

Kiilu alizungusha kofia mikononi.

"Hapana, daktari. Mimi ni mkwe. Kwetu haiwezekani."

"Haiwezekani vipi? Unadunga wilaya nzima."

"Yeye hawezi kukubali, na mimi siwezi kumlazimisha. Amevumilia ya kutosha leo. Tutamfundisha mke wa mwanawe." Akamwinamia tena Kalunde, akageuza kwa Kikamba. "Daktari anauliza kama Kaluki anaweza kufundishwa sindano. Nimemwambia anaweza. Usiwe na wasiwasi, mwaitu. Mimi nitarudi mahali pangu."

Daktari alichukua karatasi ya ruhusa ya upasuaji kwenye ubao wake. Kalunde aliutazama mguu wake chini ya shuka, mguu uliobakisha usiku mmoja. Akashika upindo wa leso, akaivuta, akaitoa kichwani kabisa, akaiweka kifuani. Nywele zake zilikuwa nyeupe na zimelala upande mmoja.

"Daktari," alisema, kwa Kiswahili. "Huyu hana makosa. Mguu nilimficha mimi. Kila mwezi aliuliza na kila mwezi nilimdanganya. Usimgombeze tena."

Daktari aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Na Kaluki hawezi sindano. Mkono wake unatetemeka hata kwa wembe. Atanidunga huyu." Aliinua mkono akamwonyesha Kiilu bila kugeuka. "Huyu ni mtoto wangu."

Kiilu alizunguka kitanda polepole mpaka akafika mahali pa kuonekana. Alimtazama mama mkwe usoni, na Kalunde hakujifunika.

"Mwaitu," alisema. "Kumbe unajua Kiswahili."

"Najua."

"Sikujua."

"Ungeniuliza lini?" alisema Kalunde. Akanyoosha mkono wa kulia juu ya shuka, dole gumba limesimama. "Nishike, nitie kidole kwa hiyo karatasi. Macho yangu hayaoni mahali pa kuweka."

Kiilu akamshika mkono.